Ufundi wa Kuandaa Potifolio

Kuandaa potifolio ni ufundi unaojitegemea, na unastahili heshima ile ile tunayoupa uchoraji wenyewe. Chuo cha sanaa kinapomtaka mwombaji apeleke kazi kumi hadi ishirini, hakitafuti hodari wa kunakili sura ya mwanamuziki kutoka kwenye simu. Kinataka kujua anatazama vipi, na hufanya nini mchoro wa kwanza unapomshinda. Kwa hiyo kijana wa Kericho au Bomet, kwenye maeneo ya chai ya Kenya, hana haja ya kwenda mbali kutafuta cha kuchora. Ukisimama barabarani, shamba la chai ni zulia la kijani, na anayelichora hivyo amechora picha ya kalenda. Badala yake achutame kando ya mchai mmoja: usawa ule wa juu umetokana na miaka ya kupogolewa na kuchumwa, na chini yake matawi ni manene, yamejipinda kama yanayogombania nafasi. Majani machanga humeta juani hadi yakakaribia weupe. Yaliyokomaa huelekea weusi. Michoro mitano ya mchai huo, pamoja na ile iliyokosewa, humweleza mwombaji vizuri kuliko mandhari ishirini. Kisha kuna mikono ya wachumaji, na mashine zinazochukua nafasi yao. Mei 2023 waandamanaji walizichoma baadhi ya mashine hizo Kericho, kwa uchungu wa kupoteza ajira. Anayeweka mikono na mashine katika mfululizo mmoja tayari ana jambo la kusema.

Njia hii si ngeni kwetu. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, miaka ya 1930, aliwahimiza wanafunzi wachore maisha waliyoyajua. Mmoja wao, Mkenya Gregory Maloba, ndiye aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962.

Mzazi anayelipa karo kwa bonasi ya chai atauliza faida iko wapi, maana KUCCPS, taasisi inayopanga wanafunzi vyuoni, hutumia alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, haiombi michoro. Swali lake ni la haki. Lakini vyuo vingi vya nje huiomba, na anayetafuta kazi ya usanifu wa michoro au katuni za video huulizwa kwanza amefanya nini. Tena mtaala mpya umefungua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Kuhusu gharama, penseli na karatasi zatosha kuanzia, na mkaa wa mti wa senetwet, ule ule wa kusugulia kibuyu cha maziwa lala ya mursik, huacha alama nyeusi kwenye karatasi.

Panapoharibika mara nyingi ni mwishoni, kwenye kupiga picha na kuchagua. Kazi nzuri hupigwa kwa simu usiku, chini ya balbu, karatasi ikatoka ya manjano na pembe zimekwenda upande. Ipigwe asubuhi kabla ya mvua ya alasiri, barazani penye kivuli, simu ikiwa sambamba na karatasi. Halafu mwombaji azipange zote sakafuni na aondoe kila inayorudia kilichokwisha kusemwa na nyingine, hata kama ndiyo iliyosifiwa zaidi nyumbani. Inauma, na hakuna mwalimu awezaye kumfanyia kazi hiyo, kwa sababu kinachopimwa hapo ni jicho lake mwenyewe.