Mfasiri Mwenye Hila

Baadhi ya walimu wenzetu watashangaa kuona kwamba kurasa hizi, ambazo kwa kawaida huhakiki riwaya, tamthilia na diwani, safari hii zinashughulikia mhadhara wa mtaalamu wa kompyuta. Twawaomba wavute subira. Mhadhara wenyewe ni wa kurasa tatu tu, ulichapishwa nchini Marekani mwezi Agosti 1984, na mwandishi wake, Ken Thompson, hakuwa na nia yoyote ya kuwafundisha walimu wa lugha. Hata hivyo tumeusoma mara kadhaa, na kila tuusomapo twazidi kusadiki kwamba ni miongoni mwa maandishi makali kabisa yaliyopata kuandikwa juu ya tafsiri, na juu ya mfasiri asiye mwaminifu.

Thompson ni mmoja wa waasisi wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanza kubuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell. Yeye na mwenzake Dennis Ritchie walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 1983, na ni desturi mtunukiwa atoe mhadhara. Wengine wangeitumia fursa hiyo kusimulia safari yao na kuwashukuru waliowalea. Thompson alisimama akakiri hila.

Kabla ya kuieleza hila hiyo hatuna budi kueleza jambo moja la msingi. Programu ya kompyuta huandikwa na mtu kwa lugha inayosomeka, yenye msamiati na sarufi yake. Mashine haiielewi lugha hiyo. Yenyewe hutambua mfululizo wa tarakimu tu. Basi kati ya mwandishi na mashine husimama programu nyingine, ambayo kazi yake ni kuigeuza matini chanzi kuwa matini ya tarakimu. Kwa Kiingereza programu hiyo hupewa jina lenye maana ya mkusanyaji. Sisi tutaiita mfasiri, maana ndiyo kazi yake, na wenzetu wanaofundisha nadharia ya tafsiri watatuelewa upesi.

Thompson anatupandisha ngazi yenye vidato vitatu. Katika kidato cha kwanza anaonyesha kwamba programu yaweza kuandikwa namna ambayo, ikiendeshwa, hutoa nakala yake yenyewe bila kupungua hata nukta. Katika kidato cha pili anatukumbusha kuwa mfasiri naye ni programu, tena aghalabu imeandikwa kwa lugha ileile anayoitafsiri. Kwa hiyo mfasiri wa leo amezaliwa na mfasiri wa jana. Akishafundishwa maana ya alama fulani, maelezo ya maana hiyo yaweza kuondolewa katika maandishi, naye akaendelea kuikumbuka na kumrithisha mwanawe. Hapa tulisimama kidogo tuliposoma kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo hali ya kila lugha: mtoto hujua mengi ambayo hayamo katika kitabu chochote cha sarufi, na hakuna akumbukaye ni nani aliyemfundisha.

Kidato cha tatu ndicho chenye sumu. Thompson anamfundisha mfasiri mambo mawili. La kwanza, kila akutanapo na matini ya bawabu, yaani programu ile inayomwuliza mtu jina lake na neno lake la siri kabla ya kumruhusu kuingia, aitafsiri kwa kuongeza kifungu kisichokuwamo: kwamba neno fulani analolijua Thompson nalo likubaliwe. La pili, kila akutanapo na matini yake yeye mwenyewe, amtie mfasiri mpya anayezaliwa hila zote mbili. Kisha Thompson anazifuta hila hizo katika maandishi. Sasa msomaji hodari akiisoma matini ya bawabu neno kwa neno, haoni kosa. Akiisoma matini ya mfasiri, haoni kosa. Mlango uko wazi, na hakuna maandishi popote yasemayo kwamba uko wazi.

Tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba wakiitilia shaka tafsiri warejee kwenye matini chanzi. Thompson anatuambia kwamba matini chanzi yaweza kuwa safi kama pamba na bado tafsiri ikawa na usaliti ndani yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hapa nguo imevuliwa, imekaguliwa pindo kwa pindo, na mdudu hakuonekana.

Kwa upande wa fani hatuna la kumlaumu. Lugha yake ni nyepesi, hoja zake zinafuatana kama shanga, na hajitwishi elimu ya kujionyesha. Isitoshe, anakiri kwamba wazo la asili si lake, kwamba aliwahi kulisoma katika waraka wa Jeshi la Anga la Marekani. Waraka huo ni uhakiki wa usalama wa mfumo wa Multics ulioandikwa na Paul Karger na Roger Schell mwaka 1974. Ukiri wa namna hiyo ni adimu hata miongoni mwetu tunaonakiliana maandalio ya masomo. Wala hakuwa anasimulia ngano: mwaka 2023 matini halisi ya hila yake ilichapishwa hadharani pamoja na maelezo, na ni fupi kuliko watu walivyodhani.

Je, yaliyosemwa mwaka 1984 yametokea? Yametokea, tena si mara moja. Mwezi Septemba 2015 iligunduliwa kuwa programu nyingi za simu za iPhone, mojawapo ikiwa WeChat inayotumiwa na mamilioni, zilikuwa na kirusi ambacho waandishi wake hawakukiandika. Chanzo kilikuwa nakala bandia ya zana za Apple za kuundia programu. Waandishi nchini China walikuwa wameichukua nakala hiyo kwenye hazina zisizo rasmi, kwa sababu kuipakua kwa Apple wenyewe kulikuwa kwa polepole mno. Mwaka 2020 ikafichuka kwamba wavamizi walikuwa wamejipenyeza katika karakana ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani, wakawa wanabadilisha matini kwa siri wakati programu inapoundwa; nakala zenye sumu ziliwafikia wateja wasiozidi 18,000, zikiwa na muhuri halali wa kampuni.

Kisa cha China ndicho kilichotugusa zaidi. Polepole ile tunaijua. Katika shule moja tuliyowahi kufundisha huku Uganda, alama za mitihani za mihula mitatu zilihifadhiwa katika kompyuta ya ofisi. Kuipakua programu halali ya kuandikia kungechukua siku nzima na fedha za vifurushi ambazo hazikuwamo katika bajeti, basi kijana fundi wa mjini akaja na kifaa chake cha kuhifadhia, akachomeka, akatuwekea kila kitu kwa nusu saa. Tulimshukuru, tukampa soda. Baada ya wiki chache mafaili yote yakawa hayafunguki, na kwenye kioo pakatokea tangazo la Kiingereza likidai malipo. Hatukulipa, hatukuwa na cha kulipa. Tulikaa na wanafunzi tukaomba kila mmoja alete karatasi zake za zamani, na waliokuwa wamezitupa wakapata alama za kukisiwa. Msichana mmoja alituambia kwa adabu kuwa yeye alipata 78, si 60. Hatukuwa na njia ya kumkubalia wala ya kumkatalia.

Tukirejea kwenye mhadhara, sehemu yake ya mwisho ndiyo dhaifu. Baada ya kuonyesha kwamba mtaalamu aliyeheshimiwa, mwenye ufunguo wa karakana, aweza kuusaliti ulimwengu mzima asionekane, Thompson anawageukia vijana waliokuwa wakivunja kompyuta za watu siku hizo. Anayalaumu magazeti, televisheni na sinema kwa kuwapamba, anataka jamii ione kuingia katika kompyuta ya mtu kuwa ni aibu sawa na kuingia nyumbani kwa jirani, hata kama mlango haukufungwa. Nasaha ni njema. Lakini haizai na yaliyotangulia. Vijana wale walisukuma milango. Aliyeijenga nyumba yenye mlango wa siri ni fundi, na kwa fundi mhadhara una mzaha tu, pale anaposema tusiamini hasa programu za makampuni yanayoajiri watu kama yeye. Tulitarajia neno zito zaidi.

(Hapa tuseme kidogo juu ya istilahi. Kiswahili kimemwita mvamizi wa kompyuta mdukuzi, kutokana na kudukua, yaani kusikiliza maneno ya watu kwa siri. Wapo wanaolichukia neno hili. Sisi twalipenda, kwa kuwa linambana mtendaji kwa kitendo chake, wala halijali kama ni kijana wa mtaani, afisa wa serikali au mwajiriwa wa kampuni kubwa.)

Sasa tufikie hoja kuu ya Thompson, kwamba huwezi kuiamini programu ambayo hukuiunda mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa tunaachana naye. Ushauri huu haumfai mtu yeyote. Haumfai mwalimu aliyepewa kompyuta kuukuu na wafadhili, na haumfai Thompson mwenyewe, kwani yeye pia hakuzifua nyaya za mashine yake. Tena jina la mhadhara, ambalo twaweza kulitafsiri Tafakuri juu ya Kuamini Uaminifu, linatuonyesha alipokwama. Kiingereza kina neno moja linalobeba imani ya moyoni na vilevile dhamana ya mali. Kiswahili kimeyatenganisha. Imani hukaa moyoni. Amana ni kitu: hutolewa mkononi, huwekwa kwa mtu, na mwenyewe ana haki ya kuja kukidai na kukikagua. Thompson anauliza tumwamini nani. Sisi tungeuliza: amana yetu iko kwa nani, na tukija kuikagua, atatufungulia?

Na kukagua kunawezekana. Mtaalamu mwingine wa Marekani, David Wheeler, aliieleza njia yake kwa urefu katika tasnifu ya mwaka 2009. Humchukua mfasiri anayeshukiwa, matini yake akampa mfasiri wa pili wa ukoo mwingine kabisa aitafsiri. Mfasiri anayezaliwa hapo hupewa matini ileile aitafsiri tena, na zao la mwisho hulinganishwa na yule mshukiwa, tarakimu kwa tarakimu. Yakitofautiana, pana jambo la kuchunguzwa. Sisi wa lugha hatuna bahati hiyo, maana wafasiri wawili wa binadamu hawatoi kamwe matini mbili zinazofanana. Lakini mashine ikitafsiri matini moja kwa kanuni zilezile haina budi kutoa zao lilelile, na hapo ndipo mwongo hunaswa.

Njia ya Wheeler ina sharti moja: matini chanzi iwe wazi. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaousoma mhadhara huu na kuhitimisha kwamba programu huria hazina maana, eti kwa kuwa kusoma matini hakutoshi. Hakutoshi, ni kweli. Mwezi Machi 2024 mtego ulipatikana katika xz, programu huria ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Aliyeutega alijifanya mtu mwema kwa zaidi ya miaka miwili, akisaidia kazi hadi akakabidhiwa funguo. Na sehemu ya kuuamsha mtego haikuwamo katika matini iliyokuwa hadharani, ilikuwa ndani ya furushi walilopelekewa watumiaji. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ndiye aliyeunasa, kwa sababu kuingia katika mashine kulikuwa kunachelewa kwa nusu sekunde hivi naye hakuridhika. Lakini alipotaka kujua sababu aliweza kufungua, kulinganisha, kuuliza, na kuwaeleza wengine nao wakahakikisha. Ingekuwa programu iliyofungwa, angeandika barua kwa kampuni na kusubiri jibu.

Tumeanza kuutafsiri mhadhara huu pamoja na wanafunzi wa kidato cha tano. Kundi moja hutafsiri aya, kundi la pili hurudisha tafsiri hiyo kwa Kiingereza bila kuiona ya asili, kisha tunazilinganisha ubaoni. Tumekwama kwenye istilahi ya hila yenyewe, ambayo kwa Kiingereza huitwa farasi wa Troya. Nusu ya darasa haikupata kusikia habari za Troya, na mwanafunzi mmoja wa nyuma amependekeza tuiite kikulacho. Walimu wenye maoni kuhusu istilahi hiyo watuandikie kabla ya muhula kwisha, kwani tumebakiwa na aya nne.