Matini Chanzi na Mwenyewe: Mgogoro wa Hakimiliki wa Top Gun: Maverick Ukitazamwa kutoka Kibanda cha Video cha Makongolosi

Uhakiki wa filamu kwa Kiswahili umejishughulisha zaidi na filamu za Kitanzania: wahusika wake, lugha yake, na ukopaji wake kutoka Nigeria na India. Filamu za Hollywood zimeachwa kando, kana kwamba hazimo katika sanaa inayopokelewa kwa Kiswahili, ilhali zimo. Katika mji mdogo wa machimbo kama Makongolosi, wilayani Chunya, filamu ya kigeni mara nyingi haimfikii mtazamaji wa kibanda cha video kama ilivyotoka studio. Humfikia ikiwa imetiwa sauti ya msimulizi anayefasiri, anayefafanua, anayetania na mara nyingine anayewabatiza wahusika majina mapya. Kwa hiyo swali la nani mwenye hadithi si la mahakama za California peke yake. Sehemu hii inahakiki mgogoro uliozuka kuhusu matini chanzi ya Top Gun: Maverick, kisha inazipima hoja zake kwa sheria na desturi za Tanzania.

Chanzo cha mgogoro ni makala. Mwezi Mei 1983 jarida la California lilichapa makala ya Ehud Yonay yenye kichwa "Top Guns", kuhusu shule ya marubani wa ndege za kivita wa Jeshi la Wanamaji la Marekani iliyokuwa Miramar. Yonay hakuandika taarifa kavu. Aliwafuata vijana wawili, rubani na ofisa wake wa rada, waliojulikana kwa majina ya redioni ya Yogi na Possum, na kuijenga shule ile kama ulimwengu wenye ushindani, majigambo na hofu. Mwaka huohuo kampuni ya Paramount ilinunua haki za makala hayo, na mwaka 1986 ikatoa Top Gun, iliyoongozwa na Tony Scott, Tom Cruise akiwa mhusika mkuu. Jina la Yonay lilitajwa katika filamu hiyo. Mwandishi huyo alifariki mwaka 2012.

Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 ina kifungu ambacho msomaji wa Tanzania hajakizoea. Mtunzi aliyehamisha haki zake tangu mwaka 1978 na kuendelea, au warithi wake akiwa amefariki, anaweza kuzirejesha baada ya miaka 35, hata kama mkataba ulisema zimeuzwa moja kwa moja. Mjane wa Yonay na mwanawe walitoa notisi mwaka 2018, na haki zikahesabiwa kurejea kwao Januari 2020. Chini ya kifungu hicho, filamu iliyokwisha kutengenezwa kabla ya tarehe ya kurejea huendelea kutumika kwa masharti ya zamani, bali haki ya kutengeneza nyingine kutokana na matini ileile hukoma. Top Gun: Maverick, iliyoongozwa na Joseph Kosinski, ilikuwa imepigwa picha kwa sehemu kubwa kabla ya tarehe hiyo, lakini iliahirishwa wakati wa janga la UVIKO-19 na kuingia katika kumbi za sinema Mei 2022. Iliingiza karibu dola bilioni 1.5. Jina la Yonay halikuwamo tena. Juni 2022 warithi walifungua kesi.

Aprili 2024 Jaji Percy Anderson wa Mahakama ya Shirikisho ya California ya Kati aliipa Paramount ushindi bila shauri kufika hatua ya kusikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Hoja yake ilikuwa ya uchambuzi wa matini zaidi kuliko ya mkataba. Kwanza aliondoa kila kitu ambacho hakimiliki haikilindi: kwamba shule ipo, kwamba marubani hupewa majina ya utani, kwamba hufanya mazoezi ya kupambana angani, kwamba hukusanyika kunywa na kutambiana. Hayo ni ukweli wa mambo, na ukweli hauna mwenyewe. Kisha alilinganisha kilichobaki, yaani mpangilio wa matukio, mazungumzo, wahusika na mandhari, akaona kwamba makala na filamu havifanani kwa kiwango kinachotosha. Dai la kutotajwa kwa jina nalo lilikataliwa.

Mhakiki aliyesoma katika shule za Tanzania atautambua mwenendo huo mara moja, kwa sababu unafanana na utengano wa fani na maudhui uliofundishwa kwa vizazi kadhaa. Maudhui ni ya wote. Fani ni ya mtunzi. Hata hivyo, wananadharia wa fasihi ya Kiswahili, F.E.M.K. Senkoro akiwa miongoni mwao, walikwisha kuonya kwamba viwili hivyo havitenganishiki kwa kisu: maudhui hayawi maudhui mpaka yapate umbo, na umbo nalo huamua ni maudhui yapi yaonekane. Onyo hilo linagusa udhaifu wa hukumu. Kabla ya Yonay, shule ya Miramar ilikuwa habari ya kijeshi iliyojulikana na wachache. Uamuzi wa kuitazama kupitia vijana wawili ndani ya ndege moja, na kuufanya urafiki wao kuwa kipimo cha hatari, ni uamuzi wa kisanaa. Ukiondoa "ukweli" mmojammoja kama mtu anayechambua mchele, unaweza kufika mwisho ukakuta sinia tupu, na usiweze kueleza kwa nini studio ililipia makala hayo hapo mwanzo.

Pamoja na hayo, si haki kusema kwamba jaji alikosea moja kwa moja. Kumpa mwanahabari umiliki wa mambo aliyoyaripoti kungeziba njia ya kila mwandishi anayemfuata. Mtu akiandika leo juu ya dhahabu ya Lupa, iliyoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920, hawezi kuwazuia wengine wasiandike juu ya Lupa. Kasoro ya hukumu iko kwingine: ilipima mwendelezo dhidi ya makala, wakati mwendelezo haukuchota kutoka kwenye makala bali kutoka kwenye kumbukumbu ya filamu ya 1986. Koti la ngozi, pikipiki, mchezo wa ufukweni, Rooster ambaye ni mwana wa Goose aliyefia katika filamu ya kwanza: vyote hivyo vinamgusa mtazamaji kwa kuwa alikwisha kuviona, yeye au baba yake. Swali lililostahili uzito zaidi ni kiasi gani cha filamu ya 1986 kilitoka kwa Yonay na kikapita hadi 2022 kikiwa kimebadilika sura.

Machimbo ya Makongolosi yana msamiati unaosaidia kulifikiria jambo hili. Mchimbaji mdogo hupeleka mawe yake kwenye karasha, yasagwe, na dhahabu ya kwanza ikamatwe. Mchanga unaobaki huitwa marudio. Kwa desturi ya machimbo mengi, marudio hubaki kwa mwenye karasha, ambaye baadaye huyapeleka kwenye uchenjuaji wa kemikali na kupata dhahabu ambayo mchimbaji hakuifikia. Pengine hupata nyingi kuliko ya kwanza. Mchimbaji hana dai, kwani desturi ilikwisha kuamua hivyo kabla hajafika na kiroba chake. Studio za Hollywood zinaichukulia hadithi iliyonunuliwa kwa namna hiyohiyo: aliyeileta alikwisha kulipwa katika mkupuo wa kwanza, na marudio ni ya mwenye mtambo. Sheria ya 1976 ilikusudiwa kuivunja desturi hiyo, kwa kutambua kwamba mtunzi huuza kazi yake wakati ambapo hakuna ajuaye thamani yake. Mfano huu una mpaka wake, kwani dhahabu iliyomo katika marudio ni ileile ya jiwe la kwanza na hupimika kwa mizani, ilhali kilichobaki katika hadithi hubishaniwa.

Afrika ilikwisha kuwa na kesi yake ya aina hii, na matokeo yalikuwa tofauti. Solomon Linda alirekodi "Mbube" huko Johannesburg mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa malipo kiduchu. Wimbo huo, ukiwa umegeuzwa kuwa "The Lion Sleeps Tonight", uliingia katika The Lion King ya mwaka 1994. (Majina ya filamu hiyo, Simba na Rafiki, ni maneno ya kawaida ya Kiswahili na hakuna wa kuyadai, wimbo ni jambo jingine.) Linda alifariki maskini mwaka 1962. Mwaka 2004 warithi wake waliishtaki Disney nchini Afrika Kusini wakitumia kifungu cha Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni, ambacho kilirejesha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi hata kama alikuwa ameziuza. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2006. Katika kesi ya Linda hakukuwa na ubishi kwamba muziki ulikuwa wake, kwa kuwa sauti husikika na kulinganishwa kwa urahisi. Katika kesi ya Yonay kila kitu kilitegemea jinsi msomaji alivyoichambua nathari. Mtunzi wa nathari yumo katika hatari kubwa zaidi kuliko mtunzi wa wimbo, jambo ambalo wahakiki wa uhawilishaji wanapaswa kulizingatia.

Sheria hiyo ya 1911 ilitumika pia katika Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza. Sheria ya sasa ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi ulinzi wa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, na inamtengea haki ya pekee ya kuruhusu tafsiri na uhawilishaji wa kazi yake. Lakini haina kifungu cha kumrejeshea kazi aliyokwisha kuiuza, si baada ya miaka 35 wala 25. Mwandishi wa muswada wa filamu anayepokea malipo ya mkupuo mmoja na kusaini kuhamisha haki zote amemaliza. Mwendelezo ukitengenezwa, ukafuatiwa na wa tatu, mwanawe hana mlango wa kugonga. Inashangaza kwamba katika jambo hili mtunzi wa Tanganyika chini ya mkoloni alikuwa na kinga ambayo mtunzi wa leo hana, na mijadala ya hakimiliki nchini, iliyoelemea uharamia wa kanda na diski, haijaligusa suala hili ipasavyo.

Msimulizi wa kibanda naye yumo katika mnyororo huu, japokuwa mwishoni kabisa. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliifanya kazi hiyo kuwa sanaa inayotambulika nchini Tanzania. Kwa upande wa Kenya, DJ Afro amepata umaarufu wa aina hiyohiyo. Kwa mizani ya sheria, msimulizi anayetia sauti yake juu ya filamu nzima bila idhini anakiuka haki ya tafsiri, na mwenye kibanda anayeionyesha kwa kiingilio anakiuka haki ya maonyesho. Hukumu ya Jaji Anderson haimsaidii. Paramount iliweza kusema kwamba haikuchukua chochote cha Yonay isipokuwa ukweli, lakini nyuma ya maneno ya msimulizi filamu ya mwenyewe inaendelea kuonekana, picha kwa picha.

Hata hivyo, fani ya usimulizi huo ni yake. Mtazamaji anayetoka duarani jioni, asiyejua Kiingereza, hasikii mazungumzo ya filamu. Anasikia nahau za msimulizi, kejeli zake, na jinsi anavyokatiza ukimya wa filamu kwa maelezo. Wapo wanaochagua filamu kwa sauti iliyotiwa na si kwa mwigizaji. Sheria ya 1999 huitambua tafsiri kuwa kazi inayolindwa yenyewe, mradi haki za kazi ya asili zisidhuriwe, na sharti hilo ndilo linalomfungia msimulizi nje. Hawezi kwenda Ofisi ya Hakimiliki Tanzania kuandikisha sauti aliyoitia juu ya mali ya mwingine. Kwa sababu hiyo, anayenakili usimulizi wake kwenye kadi ya simu na kuuza dukani karibu na stendi hana wa kumwogopa kati ya wawili hao: studio iko mbali, na msimulizi hana hati. Leseni ya tafsiri ya sauti kwa maonyesho madogo ingeweza kuiondoa hali hiyo, mradi sheria itaje wazi ni nani anayeitoa, kwa ada ipi, na msimulizi anabaki na nini kazi yake inaporudiwa.