Mshale Wenye Jina

Barabara itokayo Malindi kwenda lango la Sala, Tsavo Mashariki, hupita Ganda na Kakoneni ikielekea nchi ya Waata, waliokuwa wawindaji wa ndovu na ambao wengine waliwaita Waliangulu. Siku hizi wawindaji wa Marekani hupaka pinde zao mabaka ya majani na magome ili zisionekane porini. Mwaata hakuwa na haja ya kopo la rangi. Ndovu macho yake si makali. Kinachomlinda ni pua. Kwa hiyo ufundi wa kujificha ulikuwa kuujua upepo, kisha kunyemelea hadi hatua chache tu kutoka kwa mnyama.

Uta wake haukuwa mchezo: kuuvuta kulitaka nguvu ya zaidi ya kilo 45. Hata hivyo mimi naustaajabia zaidi mshale. Wano limenyooshwa, manyoya ya tai nyuma, chembe cha chuma mbele. Hapo nyuma ya chembe ndipo ilipopakwa rangi pekee yenye kazi, sumu ya mti wa msunguti. Vipande vya mti na mizizi vilichemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yakageuka uji mweusi mzito kama lami. Uji ulipokwisha kupakwa, uliviringiwa utepe wa ngozi nyembamba ili usikauke wala usimdhuru mwenye mshale, na utepe ulibanduliwa windo lilipokaribia. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitoa katika mti wa jamii hiyo ouabain, kemikali iliyokuja kutumiwa pia kutibu moyo. Wazee wa porini walikwisha kujua inakogonga.

Ajabu ni kwamba mtu huyo aliyejificha hivyo hakuuficha mshale wake. Kila mwindaji alikuwa na alama yake kwenye mshale, kwa kuwa ndovu huenda akafia mbali na pembe zikagombaniwa. Alama hizohizo zilimponza: katika msako wa majangili huko Tsavo mwaka 1956 na 1957, kikosi cha wasimamizi wa hifadhi David Sheldrick na Bill Woodley kilizisoma na kujua nani wa kutafutwa. Baadaye, mwaka 1977, Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kwa jumla.

Sisemi turudie kuua ndovu. Lakini wewe mwenye kuhifadhi mshale wa zamani, usiandike "mshale wa Waata" ukaishia hapo. Waulize wazee wa Waata kando ya mto Galana alama ile ilikuwa ya nani, uandike na jina lake.