Alikuwa Anatafuta Nini Kule?

Mwanamke akibakwa kwetu, ikiwa Kasongo ao Kabambare, maulizo hayaendi kwa mwenye kutenda. Yanakuja kwake yeye: alikuwa anatafuta nini kule? Alivaa namna gani? Juu ya nini hakupiga kelele?

Tukamate la kwanza. Alikuwa anatafuta muhogo, kuni, maji, mpunga wa kupeleka soko. Sisi tuliosomea kilimo tunajua: mashamba mengi yako mbali na nyumba, na kupanda, kupalia na kuvuna ni mabega ya wanawake yanabeba sehemu kubwa. Tunakula chakula alichoenda kutafuta, kisha tunamuuliza kwa nini alienda. Hiyo ni haki gani?

La pili, nguo. Kule Kavumu, Kivu ya Kusini, kati ya 2013 na 2016, watoto wasichana karibu 40 walibebwa usiku toka nyumbani kwao, wakabakwa. Wengine hawakuwa wametimiza miaka 5. Walikuwa wamelala kwa wazazi wao. Mwezi wa 12 mwaka 2017, mahakama ya kijeshi ilikatia watu 11 kifungo cha maisha, na kati yao alikuwa deputé wa jimbo. Nani atasema kikwembe cha mtoto mchanga kilikuwa kifupi?

La tatu, kelele. Mwenye panga shingoni hapigi kelele. Na hata pasipo silaha, mwili unaweza kuganda kwa woga. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20/7/2006 inahesabia pia vitisho na kumshika mtu ghafula. Malipo yake ni buloko, miaka 5 mpaka 20. Haikuandika popote kwamba asiyelia alikubali.

Maulizo haya yanaonekana kama maneno tu, lakini yanaua. Dawa ya kukinga SIDA inafaa kuanzishwa mbele ya masaa 72. Mwanamke anayeogopa kuchekwa, ao kufukuzwa na bwana yake, anajificha siku tatu, ine, na ile nafasi imepita.

Kisha wazee wanakaa chini: mbuzi, faranga kidogo, "tumalize kijamaa." Anayelipwa ni baba ao bwana, mwenye kuumizwa haulizwi kitu. Sheria namba 06/019 ya mwaka ule ule inakataza: kesi ya ubakaji haizimwi kwa kulipa amande. Na mwenye kutenda si kila mara mtu wa porini mwenye bunduki. Anaweza kuwa jirani, mwalimu, hata mtu wa jamaa. Ndiyo maana mbuzi inaharakishwa.

Wenzangu wenye diplome, tusijidanganye eti haya ni mambo ya wazee wa kijijini. Masomo hayazuie ulizo baya kutoka kinywani. Mara ingine ukisikia habari kama hiyo, uliza mbili tu: amekwisha fika hospitali? Na yule mwanaume yuko wapi?