Kazimoto na Haja ya Kuwa wa Watu

Wahakiki wengi huisoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) kama riwaya ya udhanaishi: Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anajiua kwa kuwa haoni maana ya maisha. Usomaji huo si wa uongo, ila umepungukiwa.

Mwaka 1995 wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary walieleza kwamba haja ya binadamu ya kuwa wa wenzake hutimizwa kwa mambo mawili: kukutana nao mara kwa mara pasipo uhasama, na kuunganishwa nao na kifungo cha kudumu cha kujaliana. La kwanza bila la pili halitoshi.

Tumpime Kazimoto kwa kipimo hicho. Watu anao: wazazi, wanafunzi wenziwe, kijiji kizima. Lakini elimu imemtenga na imani za wazazi. Manase, rafiki yake, ndiye aliyempa mimba Rukia, ndugu yake. Na Sabina, umbu la Manase, Kazimoto alimwendea kwanza kwa nia ya kisasi. Kila kifungo kimeingiwa na sumu kabla hakijakaza.

Twasema mtu ni watu. Kazimoto atuonyesha kwamba watu hao hawahesabiwi kwa wingi wao. Maana ya maisha ilimpotea pale inapozaliwa, yaani baina ya mtu na anayemjali. Mwanafunzi wetu arudiye kwao likizoni akaketi kama mgeni barazani pa babaye, na aisome upya riwaya hii.