Jicho la Labo

Mwanafunzi wa labo wa Lubumbashi hutoka darasani akiwa na majina yote ya rangi na vipimo kichwani: Giemsa, Ziehl, Emmel. Kisha staji inaanza, iwe Hospitali ya Sendwe au kwenye Kliniki za Chuo Kikuu, na mikono inaulizwa inachojua.

Nilimtazama fundi mmoja mzee, koti lake lina madoa ya zambarau yasiyotoka kwa sabuni, akimfundisha binti wa staji kutengeneza tone zito la kutafutia malaria. Binti alitoboa kidole, akasambaza damu kwenye kioo kwa ncha ya kioo kingine, mzee akakilaza kile chenye damu juu ya ukurasa wa gazeti kabla damu haijakauka.

“Soma, mama.”

“Haionekani, papa.”

“Basi ni nene. Itabanduka ikiingia majini.”

La pili herufi zikasomeka wazi mno. Jepesi hilo, vimelea vikiwa vichache vitakupita. La tatu, maandishi yakasomeka kwa kukaza macho, na hapo mzee akatikisa kichwa kukubali. Binti alipotaka kulikausha juu ya moto, mzee alimshika mkono: damu ikiungua, wekundu hautoki tena, na rangi haitaonyesha kitu. Likakauka kwa hewa, likalala dakika 10 katika Giemsa ya asilimia 10. Ndipo ikaja kazi ya subira: tone la mafuta, lenzi kubwa, na sehemu 100 za kupitia moja moja kabla ya kuthubutu kuandika “hakuna”.

Ufundi huu una ukoo. Laveran alikiona kimelea cha malaria nchini Algeria mwaka 1880; Giemsa akatoa rangi yake mwaka 1904, wakati Elisabethville, Lubumbashi ya leo, haijaanza hata kujengwa. Tangu hapo umepita kwa njia moja tu: mkubwa anaangalia, mdogo anaangalia, kisha wanabishana juu ya walichokiona. Umeme ulipokatika, wazee waligeuza kioo cha hadubini kuelekea dirishani wakaendelea.

Siku hizi wanafunzi hurundikana nyuma ya hadubini moja, na wengine humaliza staji wakiwa wamejifunza zaidi kusubiri mistari miwili ya kipimo cha haraka. Sikidharau kipimo hicho; kimeokoa wengi mahali pasipo na labo. Lakini hakihesabu vimelea, na kinaweza kuendelea kusema “ndiyo” majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mtoto aliyetibiwa mwezi huu akirudi na homa, kitaituhumu malaria iliyokwisha kufa, huku ugonjwa wenyewe ukipata nafasi.

Tunasaini daftari la staji upesi mno. Kijana anayepewa sahihi zote bila kuwahi kuketi na kioo kimoja mpaka sehemu ya mia ataajiriwa vilevile, na mama wa mtaa wa Katuba atampelekea mwanawe akiamini kwamba nyuma ya mlango ule kuna mtu anayejua kutazama. Wazee waliojua wanastaafu, na hatuwaombi wakae hata mwaka mmoja zaidi.