Kisiwa bila mwenyeji: nimesoma « Le Robinson suisse » nikiwa mama ku Idjwi



Leo sileti habari ya mbolea. Nataka kusema juu ya kitabu ambacho wengi wetu tulikutana nacho shuleni kwa Kifaransa, Le Robinson suisse. Mara ya kwanza nilikisoma niko na miaka kumi na mbili, nikakipenda sana. Mara ya pili ilikuwa mwaka wa kwanza wa kazi, usiku, ku kisiwa cha Idjwi, na binti yangu wa miaka miwili amelala pembeni. Safari hiyo nilicheka, kisha nikakasirika. Acha nieleze sababu.

Kwanza kitabu chenyewe. Mwandishi ni Johann David Wyss, mchungaji wa Bern, Uswisi. Alitunga hadithi hii kwa ajili ya watoto wake wanne wa kiume. Mmoja wao, Johann Rudolf, akaitengeneza na kuitoa mwaka 1812. Mwaka 1814 Isabelle de Montolieu akaitoa kwa Kifaransa, njo maana ilitufikia sisi. Watu wengi wanafikiri Robinson ni jina la ile familia. Hapana. Jina linataka kusema tu kwamba hawa ni kama Robinson Crusoe wa Daniel Defoe, yule wa 1719, ila ni Waswisi. Meli inakwama kwenye miamba, mabaharia wanakimbia na mashua, na baba, mama na vijana wanne, Fritz, Ernest, Jack na Franz, wanaachwa. Wanafika nchi kavu, wanajenga nyumba juu ya mti mkubwa, wanalima, wanafuga. Miaka zaidi ya kumi inapita, na watoto wanakulia palepale.

Kitabu kiko na uzuri wake, na sitauficha. Baba yule hafundishi mtoto akiwa amekaa kwenye kiti. Anafundisha mkono uko kazini. Mtoto anauliza, baba anajibu, kisha wote wanajaribu. Kila mtoto ana tabia yake: Ernest mvivu lakini anasoma sana, Jack anaruka kabla ya kufikiri, Franz mdogo anauliza maswali ya kitoto na anajibiwa kwa heshima. Sisi tuliolelewa kwa « nyamaza, wakubwa wanasema », hapo tuko na kitu cha kuchukua.

Sasa nizungumze kama agro. Kwenye kisiwa kimoja wanakutana na pengwini, kangaruu, mbuni na nyoka mkubwa anayemeza punda mzima. Ni wanyama wa pande zote za dunia wamekusanyika kwenye uwanja mmoja. Mimea nayo ni vilevile: minazi, miwa, viazi, pamba, mti wa mpira, na muhogo. Ukitaka viatu, mti wa mpira uko hapo. Ukitaka bakuli, kibuyu kinaning'inia. Mwanafunzi akileta ripoti ya staji ya namna ile, profesa anamrudishia. Lakini hilo kosa nalisamehe. Mchungaji wa Bern alikuwa anataka kuwaonyesha watoto wake dunia nzima, na kisiwa kilikuwa ubao wake wa kuandikia.

Kosa ambalo sisamehe liko kwenye muhogo.

Kuna sura ambapo baba anajua kwamba muhogo mbichi uko na sumu. Wanaukwaruza, wanautia kwenye mfuko, wanaukamua maji kwa nguvu, wanaoka mikate. Hadi hapo ni sawa kabisa. Watu wa Amerika ya Kusini, ambako muhogo ulitoka, walifanya hivyo karne nyingi kabla Wareno hawajauleta pwani ya Kongo. Kisha wanajaribu: wanawapa kuku na tumbili wao mkate ule. Wanyama wakibaki wazima, familia inakula kwa furaha.

Bandugu, tumbili hatoshi. Kama sumu ni nyingi sana, ndiyo, mnyama ataanguka siku hiyohiyo. Lakini kuna madhara ambayo hayaonekani kesho yake. Mwaka 1938 daktari mmoja, Trolli, aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango, hapa kwetu Kongo, ambao wenyeji waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Baadaye watafiti waliuhusisha na muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha, ukiliwa wiki kwa wiki na watu ambao hawana maharagi, samaki wala nyama ya kusindikiza. Miguu inakaza ghafla na haiponi tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Hiyo si elimu ambayo mtu mmoja anaipata kwa jioni moja akiwa na tumbili. Ni elimu ya kijiji, ya wamama walioona, wakahesabu siku, wakaambiana.

Najua hivyo kwa sababu na mimi nilikuwa baba wa Robinson.

Mimi ni mtu wa Uvira. Nilifika Idjwi na lisansi yangu, pamoja na mume wangu muuguzi na mtoto, kwa kazi ya projè moja ya kilimo. Hatukuwa wazungu, lakini tulikuwa wageni wa mshahara: nyumba ya kupanga, mkataba wa miaka miwili, Kihavu hatujui. Watu waliniita Mama Agro. Siku moja katika miezi ya kwanza, jirani yetu, mama mtu mzima, alimpa binti yangu kipande cha muhogo mbichi. Nilimpokonya mbele ya watu, nikaanza kueleza sumu kwa maneno ya auditoire. Mama alicheka tu. Alinionyesha shina: « Huu ni mtamu, Mama Agro. Muchungu uko kule chini. » Alikuwa na aina kadhaa kwenye shamba moja, na alizitofautisha kwa macho.

Mwezi uliofuata mvua ilitubana, unga ukaisha. Nilinunua mizizi ya ule muchungu, nikailowesha, na siku ya pili nikaitoa nianike haraka ili tupate bugali. Mama yuleyule alipita, akabonyeza kipande kwa kidole, akakirudisha kwenye maji. « Haiyaiva bado. Mutoto akule maharagi leo. » Akaleta maharagi yake kwenye sahani. Mimi niliyesoma miaka mitano! Nilijua jina la sumu. Yeye alijua siku.

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Njo hapo nilielewa kinachonikera kwenye kitabu. Katika Le Robinson suisse hakuna mwenyeji wa kutoa jembe. Kisiwa ni kitupu. Kila elimu imetoka melini, ndani ya kichwa cha baba na ndani ya ule mfuko wa mama ambao hauishiwi. Watoto wale wanakua bila kumwambia mtu aksanti isipokuwa wazazi na Mungu. Wanaona mnyama mgeni, mara nyingi bunduki inalia kwanza, jina linafuata. Na mwishoni nchi inaitwa Uswisi Mpya, kama vile haikuwa na jina.

Mtu atasema: dada, ni hadithi tu. Sawa. Lakini hadithi inafundisha. Filamu ya Disney ya 1960 ilipigwa Tobago, kisiwa chenye watu wake, mashamba yake na historia ndefu ya miwa na utumwa. Kwenye picha kikawa tena kisiwa cha familia moja. Na sisi magraduate hatuko mbali. Tunafika kijijini na projè, tunaandika « hapa hakuna ujuzi », tunaanza kupanda. Kitabu hiki kilinisaidia kujitambua, na sikufurahi.

Mama wa kitabu naye anastahili haki yake. Mume anamtaja zaidi kama « mke wangu ». Wanaume wakienda kwenye meli au kuwinda, yeye anabaki, na wakirudi wanakuta amekwisha kulima bustani ya mboga, mbegu ziko udongoni. Wanashangaa, wanamsifu, kisha hadithi inarudi kwenye bunduki. Kwangu mimi yeye ndiye agro wa kwanza wa kisiwa kile. Ningependa kusoma kitabu chake.

Je, basi hakuna kitu kinachoweza kuhamia na kukaa vizuri? Kipo. Sambaza tunazokula ku Kivu hazikuwa za ziwa hili. Zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, yaani zimetoka ziwa la kwetu, kama mimi. Leo hakuna anayeziita ngeni, kwa sababu wavuvi walijifunza tabia yake na wamama wakajua jua la kuikaushia. Muhogo vilevile. Ugeni sio kosa. Kosa ni kufika na kudhani hakuna mtu.

Mkataba wetu uliisha, tukarudi Bukavu. Binti yangu alitoka Idjwi akisema Kihavu vizuri kunipita mimi, na alikuwa ananitafsiria sokoni. Sasa yuko na miaka mitano. Nitamsomea Le Robinson suisse, ndiyo, sitamficha. Ila tukifika kwenye sura ya muhogo, nitafunga kitabu kidogo na kumuuliza: wewe ungemwuliza nani kabla ya tumbili?

Najua jina atakalotaja. Si langu.